Ujamaa na kuungisha ni vitu viwili

Mpwa wangu anayeishi Maryland alipokuja likizo aliniletea mfuko wa kitambaa cheusi, umeandikwa UJAMAA kwa herufi nene za kijani. Ndani mlikuwa na sabuni mbili na kopo la mafuta ya shea, vyote kavinunua kwenye gulio la Desemba la wafanyabiashara weusi. Kaka yangu akausoma akacheka: "Kumbe Nyerere kafika mpaka huko!" Mpwa akamsahihisha: "Hapana mjomba, kule ujamaa maana yake kununua kwa watu weusi." Wamekosea wote wawili, na makosa hayo nayasikia kila mwisho wa mwaka.

Maana kwanza, tuimalize. Kwa Wamarekani weusi, Ujamaa ni ya nne katika Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na mwanaharakati mweusi wa huko, Maulana Karenga, mwaka 1966, ya kuanzia 26 Desemba hadi 1 Januari. Siku yake ni 29 Desemba, na siku hiyo ukiulizwa "Habari gani?" hujibu nzuri wala salama, unajibu "Ujamaa!" Ukimjibu hivyo mtu wa Tanga atakuuliza kama umesikia swali. Kinachosemwa na nguzo yenyewe ni uchumi wa ushirika: watu wajenge na waendeshe maduka na biashara zao wenyewe, na wafaidike nazo pamoja.

Kaka yangu anaamini neno hilo lilichukuliwa kwenye Azimio la Arusha. Aangalie kalenda. Azimio lilitangazwa 5 Februari 1967, wakati Kwanzaa ya kwanza ilikuwa imeshapita zaidi ya mwezi. Nyerere alikuwa ameandika juu ya ujamaa tangu 1962, kwa hiyo neno lilikuwa limeshavuka bahari. Lakini vijiji vya ujamaa, operesheni za kuwahamishia watu humo na foleni ya sukari, mambo anayoyakumbuka mama yetu kila akilisikia neno hili, havikuwa vimezaliwa.

Na neno lenyewe ni la zamani kuliko wote hao. Jamaa limetoka kwenye Kiarabu, lenye maana ya kundi la watu waliokusanyika, na ndugu zake tunao mdomoni kila siku: jamii, jumuiya, hata Ijumaa, siku ya kukusanyika msikitini. Kwetu likasogea karibu zaidi na nyumbani, likawa watu wa ukoo. (Baadaye mtaani likaporomoka tena, siku hizi "jamaa mmoja" anaweza kuwa mwizi wa simu.) Weka u- mbele, unapata hali ya kuwa jamaa. Nyerere alisimama hapo hapo: taifa liishi kama familia, ambamo chungu ni kimoja.

Kinachochekesha ni matumizi. Mwaka 1976 kwetu kulikuwa na Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakaamriwa yafungwe, yapishe ya ushirika. Kule Marekani neno lile lile lilikuwa linawahimiza watu wafungue maduka. Utadhani yanapingana, mpaka uulize duka ni la nani. Pande zote mbili zinakujibu: la wengi.

Hapo ndipo mpwa anaponiudhi, maana katika ile kanuni ya Karenga yeye kaishia kwenye "maduka", akaacha "pamoja". Duka la mtu mweusi ni duka la mtu mweusi. Kule lina hata kipimo chake: ili kampuni itambuliwe rasmi kuwa ya mfanyabiashara wa jamii za wachache, angalau asilimia 51 iwe mikononi mwao. Kuna na mwezi wake, Agosti, unaoadhimishwa tangu 2004. Mambo mazuri. Ila mwenye asilimia zake 51 akifunga hesabu jioni, faida inaingia mfukoni mwake, na wewe mteja unaondoka na sabuni.

Ujamaa ulikuwa, kwa mfano, shamba la ushirika la Fannie Lou Hamer, mama mpigania haki za weusi, kule Mississippi mwaka 1969, familia maskini zikilima na kula pamoja. Ni duka la vyakula liitwalo Mandela kule Oakland, California, ambako wanaopanga nyanya rafuni ndio wenye duka. Mchagga aliyekuwa akipeleka kahawa yake KNCU, ushirika wa wakulima wa Kilimanjaro ulioanza 1933, angewaelewa bila mkalimani.

Na kwa alichofanya mpwa tuna neno letu, tena zuri, halihitaji kuazima. Pita Kariakoo saa kumi na mbili jioni, utalisikia: "Dada, niungishe basi, nifunge hesabu." Kuungisha ni kumnunulia mtu ili biashara yake isimame, hata kama jirani yake anauza kwa bei hiyo hiyo. Lile gulio la Desemba lilikuwa la kuungishana, na sioni aibu yoyote katika kulisema hivyo.

Wiki iliyopita mpwa kanipigia akibisha bado. Nikamuuliza huyo mama wa sabuni faida anagawana na nani. "Na mumewe." Basi mjomba, hapo umemuungisha. Ukirudi kwake kanunue tena, na umuulize kama anauza hisa.