Je, wajua kwa nini dari ya vipele ni rahisi kuiweka lakini ghali kuiondoa?

Jirani yangu wa Mwanga, hapa Kigoma, alinunua nyumba yenye dari ya vipele sebuleni: ile ya chengachenga, ukiitazama unaona kama uji mzito uliochemka ukaganda. Mwezi wa kwanza aliisifia. Kufikia wa tatu buibui walikuwa wametanda kwenye kila kipele, na moshi wa mkaa umeigeuza rangi ya chai ya maziwa. Akaita fundi aikwangue. Fundi akapanda ngazi, akakwaruza kidogo kwa kucha, akashuka, akataja bei kubwa. Jirani akacheka, akidhani anataniwa.

Hakutaniwa. Vipele vile havikuwekwa kwa urembo tu, viliwekwa kuficha. Dari laini huumbua fundi: maungio ya bodi, vichwa vya skrubu, puti iliyopanda na kushuka, vyote huonekana mwanga wa dirishani ukiipiga kwa ubavu. Ukipulizia tope la jasi lenye chenga, vivuli vya chenga humeza kasoro zote, na kazi huisha upesi. Ndiyo maana wajenzi wa Marekani waliipenda sana, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980. Anayeikwangua leo anairithi kazi aliyoikwepa fundi wa kwanza. Akishamaliza kukwangua, lazima azibe maungio, apake puti, apige msasa, arudie puti, apige msasa tena, ndipo apake rangi. Na yote hayo shingo ikiwa imekunjwa nyuma na vumbi likimwangukia machoni.

Kukwangua kwenyewe kunategemea maji. Dari ambayo haijawahi kupakwa rangi hunywa maji. Unainyunyizia, unasubiri kama robo saa, chenga zinatoka kwa skrepa kama ukoko uliolowekwa. Iliyopakwa rangi ya mafuta haiingizi kitu, maji yanateleza kama juu ya jani la mgomba. Ya jirani ilikuwa ya namna hiyo, na kucha ya fundi ilishajua.

Halafu piga hesabu ya uchafu. Chumba cha mita 4 kwa 4 kina dari ya mita za mraba 16. Vipele vikiwa na unene wa wastani wa milimita 3 tu, ni lita 48, yaani zaidi ya ndoo mbili kubwa za lita 20, na vikishavunjika huumuka zaidi. Makochi yatoke, sakafu ifunikwe nailoni, umeme uzimwe kabla ya kumwaga maji karibu na taa.

Marekani kuna zigo jingine. Dari nyingi za zamani zilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini zisizoshika moto. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na saratani inaweza kujitokeza miaka 20 hata 40 baadaye. Kupulizia dari za namna hiyo kulipigwa marufuku huko mwaka 1978, ila mzigo uliobaki ghalani uliendelea kutumika, kwa hiyo mwenye nyumba ya zamani hupeleka kipande maabara kwanza. Hapa kwetu asbesto utaikuta zaidi kwenye mapaa ya majengo ya zamani. Usiikate wala kuivunja. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, kabla hujampandisha mtu juu.

Kuna wanaosema bora kuing'oa dari yote. Sawa, lakini kwa nyumba za huku, ukiishusha dari unashusha na mavi ya popo ya miaka mingi, na vumbi lake nalo si la kuvuta.

Jirani aliishia kuifunika. Bodi za jipsamu za mita 1.2 kwa 2.4, sita zikatosha chumba, zikafungwa kwenye papi mpya chini ya vipele. Sebule imepungua kimo sentimita chache, na feni ikabidi ifungwe upya.