Je, wajua ni kwa nini baba aliyekuwa baharia hutafutwa kwa jina la meli, si kwa jina lake?

Hapa Lamu si ajabu kusikia kwamba mzee fulani alipanda meli za shehena za Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Watoto wake leo ni watu wazima wenye wajukuu, na wanachokijua ni hicho tu: baba alikuwa baharia, vita vikali, akarudi. Mmoja wao akishika simu na kuandika jina la marehemu kwenye intaneti, hapati kitu. Basi husemwa kwamba Waingereza hawakuwaandika watu wetu.

Waliwaandika. Ila hawakuwapanga kwa majina yao. Baharia wa meli ya biashara hakuwa askari. Askari huingia jeshini, akapewa namba, na jalada lake likamfuata mpaka anapoachishwa. Baharia alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya meli, tena kwa safari moja. Anatia sahihi au dole gumba kwenye mkataba wa safari hiyo, meli ikirudi analipwa na mkataba unakwisha. Akipanda meli nyingine ni mkataba mwingine. Sheria ya Uingereza tangu mwaka 1835 iliwalazimisha manahodha kuwasilisha serikalini orodha ya mabaharia wao, kwa hiyo kilichohifadhiwa ni karatasi za meli, na ndani yake majina ya watu. Asiyejua meli ana milima ya makaratasi mbele yake, na anayeijua anapewa boksi moja.

Ajira ile ya safari kwa safari ilikuwa na ukatili wake. Mwanzoni mwa vita, kwa desturi ya kazi ile, meli ikizamishwa mshahara wa baharia ulikatwa siku hiyohiyo, hata kama bado yumo ndani ya mashua akisubiri kuokolewa. Mambo yalibadilika Mei 1941, serikali ya Uingereza ilipotoa amri iliyoifanya kazi ya ubaharia kuwa kazi ya lazima ya vita yenye malipo ya kuendelea. Mwaka huohuo likaanzishwa daftari kuu jipya la mabaharia, lenye karatasi ya kila mtu na meli alizopanda. Daftari hilo lipo leo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, mtaa wa Kew, London, chini ya alama BT 382. Ukibahatika kumpata mzee humo, umepunguza kazi. Lakini usianzie hapo, kwa sababu ya vituko vya majina nitakavyovieleza.

Anza nyumbani, na anza na meli.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa baba hakuwahi kuitaja meli. Kunyamaza kwake kulikuwa na sababu. Wakati wa vita meli za biashara zilipakwa rangi ya kijivu, majina ubavuni yakafutwa, na mabaharia walikatazwa kusema wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Barua zilifunguliwa na kusomwa. Mtu aliyezoea miaka mitano kufunga mdomo hakuufungua kwa urahisi alipofika Langoni au Mkomani.

Kwa hiyo waulize wakongwe waliobaki, na uwaulize kwa njia watakayoweza kujibu. Ukimwambia shangazi, "Baba aliondoka mwaka gani?" atakutazama tu. Mwulize, "Shangazi, baba aliondoka wakati wa kaskazi au kusi? Mfungo gani? Nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa amefariki?" Hapo atakupa jibu la uhakika kuliko la karani. Kumbukumbu za nyumba zetu zimepangwa kwa miezi ya Kiislamu na pepo za bahari, nawe kazi yako ni kuzigeuza ziwe tarehe za Kizungu. Ramadhani ya mwaka 1942 iliingia karibu na tarehe 12 Septemba. Ya mwaka 1943 ilianza mwanzoni mwa Septemba, na ya 1944 ilianza karibu na tarehe 20 Agosti. Akikwambia aliondoka kaskazi baada ya Malindi kupigwa mabomu, unajua ni mwishoni mwa mwaka 1940 au mwanzoni mwa 1941, maana ndege za Italia ziliishambulia Malindi Oktoba 1940.

Chukua mfano. Tuseme nyumbani inasemwa kwamba meli ya mzee ilikuwa ikitoka Bombay kuja Mombasa, ikapigwa usiku na Wajapani, ilikuwa Mfungo Pili. Maneno hayo machache yanatosha. Tarehe 23 Novemba 1942, ambayo ni katikati ya Mfungo Pili, nyambizi ya Japani I-29 iliizamisha Tilawa, meli ya kampuni ya British India iliyotoka Bombay siku tatu kabla ikielekea Mombasa, Maputo na Durban. Ndani yake mlikuwa na watu zaidi ya 950, zaidi ya 200 kati yao wakiwa mabaharia. Walikufa 280. Waliosalia waliokolewa na manowari Birmingham na meli Carthage wakarudishwa Bombay. Au tuseme inasemwa kwamba meli ilitoka Kilindini imejaa askari, ikazama kwa muda wa kusoma Yasin nusu, wiki tatu hivi kabla ya Maulidi. Hiyo ni Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi I-27 tarehe 12 Februari 1944 karibu na visiwa vya Maldivi, ikielekea Colombo. Ilizama kwa dakika mbili tatu, watu karibu 1,300 wakafa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za ulinzi ziliiwinda nyambizi ile kwa mabomu ya chini ya maji mahali palepale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Mzee aliyeyaona hayo akanyamaza, usimlaumu.

Msishangae kwamba Wajapani walifika huku. Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha manowari za Uingereza cha Bahari ya Hindi kilihamishiwa Kilindini, na Mombasa ikawa kituo kikuu cha vita vya baharini upande huu wa dunia. Kijana wa Lamu aliyekwenda Mombasa kutafuta kibarua mwaka ule alikuta bandari imefurika meli zinazohitaji watu.

Jina la meli likitajwa, kwa kawaida litakuwa limepondekapondeka. Usilitupe. Meli za British India, ndizo zilizotawala njia ya Bombay na Afrika Mashariki, karibu zote majina yake yaliishia kwa a: Tilawa, Karanja, Takliwa, Khandalla. Ukisikia "Takiliwa" au "Karanga" unajua pa kuanzia. Pia jina lenyewe hubadilika. Meli iliyoitwa Kenya ilichukuliwa na jeshi la majini wakati wa vita, na kwa kuwa tayari palikuwa na manowari Kenya, ikaitwa Keren. Aliyeipanda mwaka 1939 na aliyeipanda mwaka 1944 watakutajia meli mbili, na ni moja.

Ndiyo maana makarani hawakutegemea jina. Kila meli iliyosajiliwa bandari ya Uingereza au koloni lake ilipewa namba rasmi, ikachongwa kwenye boriti kuu ndani ya meli, na haikubadilika hata mwenye meli akibadilika. Orodha za mabaharia za miaka ya vita, 1939 hadi 1950, zimewekwa Kew chini ya alama BT 381, zikipangwa kwa namba hiyo. Namba yenyewe huipati kwa taabu: vitabu vya Lloyd's Register, yaani orodha za meli za kila mwaka, vya 1930 hadi 1945 vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, na mradi uitwao Crew List Index Project unakupa namba ukiandika jina la meli.

Ukiwa na namba, omba vitu viwili. Cha kwanza ni hiyo orodha ya mabaharia. Humo utaona jina, umri, alikozaliwa, kazi yake melini, meli aliyotoka, siku na bandari aliyopandia na aliyoshukia. Kazi itakupa picha ya maisha yake kuliko unavyodhani. Mtia makaa alishinda chini kwenye joto la tanuri, na meli ikipigwa kombora usiku yeye ndiye wa mwisho kufika juu. Sarahangi alikuwa mkubwa wa mabaharia wenzake, akisimamia kazi za sitahani. Cha pili ni kadi za mwendo wa meli, alama BT 389, zilizopangwa kwa jina la meli na zinazopatikana mtandaoni kwa malipo madogo. Kadi hizo zinaonyesha bandari kwa bandari na tarehe zake, na kama meli ilizama, sababu yake. Weka orodha na kadi pamoja na utaweza kusema baba alikuwa wapi wiki gani.

Sasa majina. Hapa ndipo utafutaji wa watu wa pwani unatofautiana na wa Mwingereza, na ndipo panapohitaji subira. Karani wa Bombay au Liverpool alitaka jina la ukoo, na sisi tunataja jina la mtu na la babake. Athman bin Shee anaweza kuwa Osman, Othman, Usman, na Shee akawa Sheikh au Shaik. Mohamed huwa Mahomed. Bakari huwa Abubakar au Aboo. Tena wakati mwingine jina la baba ndilo limewekwa mbele kana kwamba ni la ukoo, kwa hiyo mtafute pande zote mbili.

Alikozaliwa nako usitarajie kusoma Lamu. Ukanda wa pwani, maili kumi kutoka bahari, ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1963, hata kama Mwingereza ndiye aliyetawala. Mzee wako anaweza kuandikwa Mombasa, Zanzibar, au kwa sababu alijiandikisha Aden, akaandikwa Mwarabu wa Aden. Aliyejiandikisha Bombay huenda yumo kwenye mkataba wa mabaharia wa Kiasia, wale ambao Waingereza waliwaita lascar. Hao kabla ya vita walikuwa zaidi ya robo ya mabaharia wote wa meli za biashara za Uingereza, wakilipwa kidogo sana kuliko Wazungu waliofanya nao kazi. Umri usiutegemee kabisa. Wengi walikisia, na karani akakisia juu ya makisio yao.

Hakikisha pia kwamba kweli alikuwa meli ya biashara. Kama kuna picha yake akiwa na sare ya majini, huenda alikuwa katika kikosi cha akiba cha wanamaji wa Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1933, na hapo karatasi zake ni za jeshi, njia nyingine kabisa. Baharia wa biashara kwa kawaida hakuwa na sare. Alikuwa na beji ndogo ya fedha yenye herufi MN ya kubandika kifuani, na hiyo ikipatikana ndani ya kasha la bibi, jambo limekwisha.

Nishani zinahitaji jicho. Nyota za shaba ambazo Uingereza iliwapa mabaharia wake hazikuandikwa jina, kwa hiyo usizigeuze nyuma ukitafuta la babako. Tazama utepe. Buluu, nyeupe na kijani cha bahari ni Nyota ya Atlantiki. Buluu iliyokoza yenye mstari mwekundu katikati na rangi ya chungwa kando ni Nyota ya Burma, iliyotolewa pia kwa waliosafiri Ghuba ya Bengal. Rangi ya mchanga yenye mstari mwekundu ni ya Afrika. Utepe peke yake unakwambia bahari gani, nayo inapunguza meli za kutafuta.

Kama hakurudi, tafuta kwanza katika daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambalo ni bure mtandaoni. Mnara wa Tower Hill, London, una majina ya mabaharia wa biashara na wavuvi karibu 24,000 wa vita vile wasio na kaburi ila bahari. Waliokuwa kwenye mikataba ya Bombay wamekumbukwa kwingine, Bombay na Chittagong, katika vitabu vyenye majina zaidi ya 6,000. Familia nyingi huishia Tower Hill wakidhani wamemaliza, na mzee yuko kwenye vitabu vile.

Nairobi nako kuna kazi. Hifadhi ya Taifa ya Kenya, barabara ya Moi, ina majalada ya mkuu wa wilaya ya Lamu wa enzi ya ukoloni pamoja na taarifa zake za kila mwaka. Mshahara wa marehemu uliobaki ulipaswa kuwafikia warithi, na barua za namna hiyo zilipitia ofisi hizo. Hapa Lamu, muulize Kadhi kuhusu karatasi za mirathi za miaka ile.

Na kama ukimpata, jua kwamba nishani za mabaharia hazikutumwa zenyewe. Ilibidi mtu aziombe, na wengi hawakuomba. Ofisi ya usajili wa meli na mabaharia ya Uingereza bado huzitoa kwa warithi wakionyesha uthibitisho wa huduma yake na wa udugu wao. Karatasi ulizozitafuta ndizo uthibitisho wa kwanza. Wa pili ni cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo utakapoanza kubishana na ofisi ya hapa nyumbani kuhusu Osman na Athman.