Kinachochosha si somo

Watoto wa siku hizi wanasema "inaboa". Wazee wetu walisema "inachusha". Kazi yangu ya saikolojia ya elimu imenikalisha miaka mingi kwenye madawati ya nyuma nikiyasikia malalamiko hayo, na nimefika mahali siamini tena kwamba kuna jambo linalochosha lenyewe kama lenyewe.

Chukua bao. Asiyelijua anaona wazee wawili, mashimo 32, kete 64 na mchana unaopotea bure; baada ya dakika kumi anapiga miayo. Anayelijua amesimama nyuma yao, hana hata pa kukaa, shingo ameinyoosha. Anaona nyumba, yaani shimo kuu, ya nani iko hatarini, ameshahesabu kete zitaishia shimo gani, na mkono wa mchezaji ukienda kwingine anaguna kwa uchungu. Bao ni lilelile, ila akili ya huyu ina pa kushika: inabashiri, inangoja, inapata au inakosa.

Pa kushika hukosekana kwa njia mbili. Jambo likiwa jepesi mno, akili imeshalimaliza kabla mwalimu hajafunga sentensi. Likiwa gumu mno, inateleza tu juu yake. Hii ya pili ndiyo tunayoiita uvivu, na hapo tunawaonea watoto sana.

Maana si uvivu. Uchovu wa mwili unataka usingizi. Huu wa akili unataka kazi. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake kule Marekani waliwaketisha watu peke yao chumbani kwa dakika 15, bila simu wala kitabu, wakiwa na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24, ingawa wote walikuwa wamesema wangetoa hela kuiepuka shoti hiyo.

Hata mtu mwenye bidii huishiwa. Norman Mackworth, aliyechunguza kwa nini askari wa Uingereza waliokesha kwenye rada walipitwa na nyambizi, aliwapa watu wautazame mshale kama wa saa unaoruka hatua moja kila sekunde, na mara chache sana hatua mbili. Walitakiwa kuzinasa zile za mbili kwa saa mbili. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionyesha kwamba umakini uliporomoka baada ya nusu saa ya kwanza tu. Nasi tunamdai mtoto wa miaka 12 anakili ubaoni vipindi viwili mfululizo!

Siku moja nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la sita, somo ni usanisinuru, jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga. Mbele yangu kijana alikuwa akichimba dawati kwa ncha ya penseli, taratibu, akipuliza unga wa mbao kila baada ya muda. Mwalimu akaacha kuandika. Akachukua mche wa maharage uliokuwa dirishani, akafunika jani moja kwa karatasi nyeusi, akauliza: tukilifunua baada ya siku mbili, tutakuta nini? Hakutoa jibu. Aliwataka kila mmoja aandike ubashiri wake na jina lake.

Penseli ikatoka kwenye tundu. Kijana aliandika kwamba jani litakuwa jeupe, akafuta, akaandika tena lilelile. Kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani. Yeye alipitia dirishani kwanza, akainama kuchungulia chini ya karatasi.