Je, wajua ni vipi ngoma za vijiji vya Karibi zilivyofika darasani?

Ngoma ya kijijini haina muhtasari wa masomo. Mtoto wa Haiti huijua kwa kukulia ndani yake: humwona bibi yake akiinama mbele ya wapigaji, akaiga, akakosea, akaiga tena. Ilikuwaje basi ngoma za namna hiyo zikafundishwa New York, kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Haiti, bila kupoteza maana yake? Sehemu kubwa ya jibu imo katika kazi ya Katherine Dunham (1909–2006), Mmarekani mweusi kutoka jimbo la Illinois, aliyekuwa mcheza dansi, mtunzi wa dansi na mwalimu.

Dunham alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago, wakati huohuo akicheza na kufundisha dansi mjini humo. Mwaka 1935 alipata ufadhili wa Mfuko wa Rosenwald, akasafiri hadi Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti kuzichunguza ngoma za watu ambao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Jamaika alikaa Accompong, kijiji cha Wamaroon, yaani wazao wa watumwa waliotoroka mashambani na kupigana na Waingereza hadi wakapewa mkataba wa amani mwaka 1739. Ngoma yao ya vita, Koromantee, hakuonyeshwa mara moja. Ilimbidi kwanza aishi nao na kuaminika. Martinique aliona ladja, pambano la wanaume wawili linaloongozwa na ngoma, ambalo mwaka 1938 alilifanya kiini cha onyesho lake L'Ag'Ya jijini Chicago.

Haiti ndiko alikozama zaidi. Aliingizwa rasmi katika dini ya Vodu, akajifunza kwamba kila roho ina mapigo yake na miondoko yake. Yanvalu, kwa mfano, huchezwa kwa heshima ya Damballa, roho ya nyoka: mchezaji hukunja magoti, huinama mbele, na wimbi hupita katika uti wa mgongo mzima, kutoka nyonga hadi shingoni. Wapigaji ni watatu, kila mmoja na ngoma yake na mapigo yake, na mwili wa mchezaji hupaswa kuyasikia yote kwa pamoja.

Hapo ndipo ilipo siri ya mbinu yake, nami naona hili ndilo jambo kubwa kuliko maonyesho yake yote. Dunham hakuihamishia ibada darasani. Hakutaka mwanafunzi ajifanye amepandwa na roho asiyoiamini. Alichofanya ni kuuliza mwili unahitaji uwezo gani ili uweze kucheza yanvalu ipasavyo, kisha akatunga mazoezi ya kuujenga uwezo huo. Mwanafunzi huanza kwa pumzi. Hufundishwa kukitenga kila kiungo, kichwa kikaenda peke yake, mabega peke yake, mbavu na nyonga vivyo hivyo, ili baadaye bega lifuate ngoma moja na nyonga ifuate nyingine bila kuchanganyikiwa. Hushika upau uliofungwa ukutani kama wafanyavyo wanafunzi wa baleti, kwa kuwa Dunham aliisomea baleti pia na hakuona sababu ya kuitupa, kisha huvuka chumba kwa miondoko inayozidi kuwa migumu, na ngoma hupigwa papo hapo na mpigaji aliye hai.

Mbinu hiyo ilijibu pia dharau ya zama zile. Wengi Marekani waliamini kwamba mtu mweusi hucheza kwa sababu amezaliwa hivyo, wala hakuna cha kujifunza. Shule aliyoifungua New York katikati ya miaka ya 1940 ilionyesha kwamba ngoma hizi ni elimu, na kila rangi ya watu ilikuja kuisoma. Mwimbaji na mwigizaji Eartha Kitt alipitia mikononi mwake, na mwigizaji wa filamu James Dean alihudhuria masomo hapo. Akiwa ziarani na kundi lake, mwaka 1944, Dunham aliwatangazia watazamaji wa Louisville, jimboni Kentucky, kwamba hatarudi katika ukumbi unaowatenga weusi. Mwaka 1950 alinyimwa chumba hotelini São Paulo, akalalamika hadharani, na mwaka uliofuata Brazili ikapitisha sheria ya kuadhibu ubaguzi wa aina hiyo.

Mwaka 1967 alihamishia kazi yake East St. Louis, mji wa viwanda vilivyokuwa vikifungwa na vijana wasio na ajira. Aliwafundisha vijana hao dansi na upigaji ngoma, akamwalika mpiga ngoma Mor Thiam wa Senegal awe miongoni mwa walimu wao, na akasisitiza wajue ngoma fulani ni ya watu gani na huchezwa kwa sababu gani.

Sharti hilo alijiwekea yeye mwenyewe pia, kwani aliamini kwamba aliyechukua ngoma ya watu ana deni kwao. Mwaka 1992, Marekani ilipokuwa ikiwarudisha kwao Wahaiti waliokimbia kwa mashua baada ya mapinduzi, Dunham, akiwa na umri wa miaka 82, aligoma kula kwa siku 47. Alikubali kula tena baada ya kusihiwa na Jean-Bertrand Aristide, rais wa Haiti aliyekuwa uhamishoni.