Mitambo ya upepo jirani na makazi: ya kupima kabla zege halijamwagwa

Mradi wa upepo ukitangazwa, swali la kwanza la wananchi ni kama umeme utafika majumbani. Mnara kusimama shambani kwako hakukuwashii taa. Umeme wa mitambo hupandishwa msongo kwenye kituo cha kupozea umeme kisha huingizwa kwenye gridi. Kuurudisha kijijini kunahitaji transfoma ya kushusha msongo, nguzo na nyaya za usambazaji, na hiyo ni bajeti nyingine. Mkizitaka, ziandikwe kwenye makubaliano kabla ya ujenzi.

Faida zipo, tena kubwa. Mtambo hauchomi mafuta, hautoi moshi, hauhitaji maji ya kupoza. Minara huachana, aghalabu mara tano au zaidi ya kipenyo cha mzunguko wa mapanga, ili mmoja usiuzibie mwingine upepo; hivyo kilimo na malisho huendelea katikati. Ajira ni nyingi wakati wa ujenzi, lakini wakishaondoka wajenzi hubaki mafundi na walinzi wachache.

Kero inayodumu ni kelele. Mtambo mkubwa hutoa takriban desibeli 105 (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale juu, na ukifika mita 500 hubaki karibu 40. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kwa hesabu hiyo kelele inaonekana ndogo, ila usiku mambo hubadilika. Mara nyingi upepo hutulia chini huku juu, mita 100, ukiendelea kuvuma. Majani hayatikisiki, kijiji kimenyamaza, na kila panga likishuka unalisikia: fyuu, fyuu, fyuu. Kipimo kilichofanywa mchana peke yake hakitoshi. Dai kipimo cha usiku, nje ya nyumba zilizo karibu zaidi.

Kivuli nacho hupimwa mapema. Mtambo ukizunguka mara 13 kwa dakika, mapanga yake matatu hukata jua dirishani karibu kila sekunde moja na nusu. Asubuhi huathirika nyumba zilizo magharibi mwa mnara, jioni zile za mashariki. Ujerumani kikomo kinachotumika ni dakika 30 kwa siku na saa 30 kwa mwaka, na mtambo unaweza kupangwa kujizima saa hizo. Vivyo hivyo kwa popo wanaouawa na mapanga: kuusimamisha mtambo usiku upepo unapokuwa hafifu hupunguza sana vifo vyao, na umeme unaopotea ni kidogo.

Barabara za kupitishia mapanga ya zaidi ya mita 50 hukata mteremko. Zisipowekewa kalvati za kutosha, mvua ya kwanza hupeleka maji yote kwenye shamba la chini.

Sehemu ya mkataba inayosahaulika zaidi ni mwisho wake. Mtambo huishi miaka 20 hadi 25. Chuma cha mnara kinauzika. Mapanga ya nyuzi za kioo ni magumu kurejelezwa, na msingi ni mamia ya mita za ujazo za zege na nondo. Mkataba utaje zege litavunjwa hadi kina gani na mapanga yatapelekwa wapi. Fedha za kubomolea ziwekwe benki tangu miaka ya mwanzo, mahali ambapo kampuni haiwezi kuzigusa, kwa sababu kampuni iliyosaini inaweza kuuzwa mara kadhaa kabla siku hiyo haijafika.