Kufunga pingili mbili za juu za shingo: nguvu ya kuzuia mwendo upi?

Hapa Goma, familia ya mtu aliyeanguka na moto, yaani pikipiki, ikiambiwa kwamba ndugu yao atapasuliwa shingo, huuliza: njia ipi ina nguvu zaidi? Wana haki ya kuuliza. Sisi wapasuaji wa mifupa huwauliza nao: nguvu ya kuzuia mwendo upi?

Pingili ya kwanza, atlasi, ni pete. Ya pili, aksisi, ina jino la mfupa linalosimama ndani ya pete hiyo, na kano ngumu hulishika kwa nyuma. Karibu nusu ya kugeuza kichwa kushoto na kulia hufanyika hapo. Jino likivunjika, au kano ikikatika, atlasi huweza kuteleza na kubana ugwe wa neva unaoendesha mikono, miguu, hata pumzi.

Njia ya zamani ni waya. Mpasuaji Gallie aliieleza mwaka 1939, akiufunga waya pamoja na kipande cha mfupa. Brooks na Jenkins wakaiboresha mwaka 1978. Waya huzuia vizuri kichwa kisiiname mbele, lakini hauwezi sana mzunguko. Ni kama mbao mbili za chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, zilizofungwa kwa kamba: hazitaachana, ila zitapindana. Kwa hiyo wagonjwa wengi wa waya walivalishwa pia pete ya chuma iliyoshikizwa kwenye fuvu, kwa wiki nyingi za mateso.

Baadaye mpasuaji Magerl alipitisha skrubu mbili kutoka aksisi, kupitia viungo vyenyewe, hadi atlasi. Mzunguko ukazuilika karibu wote. Kuinama na kuinua kichwa ndiko kulikobaki na ulegevu kidogo, na waya ukiongezwa nyuma huuondoa. Shida ni mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ubongo: kwa karibu mtu mmoja kati ya watano umekaa mahali ambapo skrubu hiyo ingeukata. Goel wa Mumbai mwaka 1994, kisha Harms na Melcher mwaka 2001, waliweka skrubu katika kila pingili na kuziunganisha kwa bamba au vijiti vya chuma. Uimara wake unakaribiana na ule wa Magerl, nayo inafaa wagonjwa wengi zaidi.

Vipimo hivi hufanywa kwa shingo za watu waliotoa miili yao kwa sayansi. Jino hukatwa, shingo husokotwa kwa nguvu ndogo, mara nyingi nyutoni-mita 1.5, na kamera hupima kila pingili imesogea kiasi gani. Lakini mfupa wa maiti hauungi. Kwa mgonjwa aliye hai, chuma kinashikilia tu hadi mfupa uliopandikizwa uunge. Usipounga, hata skrubu bora hulegea au huvunjika. Kwangu mimi, upandikizaji huo una uzito kuliko aina ya skrubu.

Basi muulizeni munganga, yaani daktari, kama skana imeonyesha njia ya mshipa, maana radio ya kawaida (picha ya eksirei) haiuonyeshi, na mfupa wa kupandikiza utatoka wapi. Na kabla ya yote hayo, pale barabarani: tafadhali msimkalishe majeruhi juu ya moto katikati ya watu wawili. Mmoja ashike kichwa kisicheze, wengine wamgeuze mwili mzima kwa pamoja, alazwe juu ya ubao au mlango, ndipo abebwe.