Majina ya vitongoji vya Ireland hayakubuniwa na wanajeshi

Wengi husimulia kwamba wapimaji ardhi wa jeshi la Uingereza, walipochora ramani ya Ireland kuanzia 1824, waliyatupa majina ya Kigaeli, lugha ya asili ya Ireland, na kubuni ya Kiingereza. Uchungu wa simulizi hiyo nauelewa. Lakini sivyo ilivyokuwa.

Tahajia za Kiingereza nyingi zilikuwepo karne kadhaa kabla, kwenye hati za mashamba na orodha za kodi, tena kila karani akiandika alivyosikia. Kitongoji kimoja kiliweza kuwa na tahajia tano au sita. Mwaka 1830 ofisi ya ramani ilimwajiri John O'Donovan, mzaliwa wa Kilkenny, Ireland, na msomi wa Kigaeli. Alizunguka vijijini akiwasikiliza wazee wakitamka jina, akalinganisha maandishi ya zamani, kisha akapendekeza tahajia moja. Bila sikio la mwenyeji kazi hiyo ingeharibika: "Kil" katika tahajia ya Kiingereza huweza kuwa cill ya Kigaeli, yaani kanisa, au coill, msitu. Kildare ni Cill Dara, kanisa la mwaloni. "Bally" mara nyingi ni baile, makazi.

Yote yaliandikwa katika madaftari ya majina, pamoja na umbo la Kigaeli, kwa vitongoji zaidi ya 60,000.

Ramani zilizochapishwa, hata hivyo, zilibeba umbo la Kiingereza pekee. Hapo ndipo lawama inapostahili; Kigaeli kilibaki ndani ya madaftari, mbali na macho ya wenye majina yao.